Kipimo cha Ufizi

Niliweka sahihi mara tatu, hospitali ya meno, Dundee:
kwamba nakubali gego langu la mwisho ling'olewe,
na kwamba, kwa faida ya elimu,
nakubali damu ya ufizi wangu ihesabiwe.
Nje, ukungu wa mto Tay ulikuwa umemeza daraja la reli
ukabakiza nguzo nne.

Daktari Petrie alinigusisha kalamu ya mwanga mwekundu,
nyembamba kama njiti ya kibiriti.
Haikuuma. Haikuwa na joto.
Mwanga uliingia nyamani, ukaikuta damu ikienda zake,
ukarudi na habari.
Kwenye skrini: mia mbili na kumi na mbili.
"Mia mbili na kumi na mbili za nini?"
"Si za kitu," akasema. "Ni za kulinganisha tu."
Nikalipenda jibu hilo.
Miaka kumi na moja nimeishi hapa kwa kulinganisha tu.

Kisha sindano.
Ndani yake mna dawa mbili, akaeleza:
moja hulaza neva,
ya pili, adrenalini, tone la tone, hubana mishipa
ili ile ya kwanza isichukuliwe na damu ikapotea.
Adrenalini, ileile ya mtu aliyeona nyoka.
Basi ufizi wangu ukaona nyoka
nami nimelala chini ya kitambaa cha bluu, natazama taa.
Mia na tisini. Mia na arobaini. Sitini na tatu.
Thelathini na nane.
Shazia, muuguzi, akaniletea kioo:
ufizi umepauka kama muhogo uliomenywa.

Gego lilitoka kwa sauti niliyoisikia kwa mifupa, si kwa masikio.
Damu haikuruka. Ilichungulia
kama mpangaji anayedaiwa kodi.
Nyuzi mbili. Pamba. Uma hapa, dakika ishirini.

Simu iliita nikiwa kituo cha basi.
Mize, dada yangu, kutoka Wete. Hakusalimu.
Mumewe, Kombo, fundi wa majokofu,
kaanguka asubuhi dukani kwa watu, bisibisi mkononi,
na alasiri hii wameshamzika.

Nikatemea pamba kiganjani, nikasema pole.
Mdomo haukufumba.
P inataka midomo miwili, nami nilikuwa na mmoja na nusu.
Ikatoka: ole.
Nikarudia. Ole. Ole, Mize, ole sana.
Kimya. Kisha:
"Ole wa nani, Faki? Wangu?"

Basi likaja. Dereva alinitazama kidevu chenye damu,
akaziba tundu la sarafu kwa mkono, akaniashiria nipite.

Walikuwa wameniambia: leo usisukutue.
Usivute kinywaji kwa mrija.
Bonge la damu liache lilale shimoni,
ukilitibua, mfupa utabaki uchi.
Nikakaa jikoni, ladha ya chuma ulimini,
kila kilichokuja nikakimeza.

Saa tatu usiku ganzi ikaanza kuondoka,
kidevu kwanza, sisimizi, sisimizi,
kisha damu ikarudi,
na haikurudi kama ilivyoondoka:
mshipa uliobanwa, ukiachiwa, hupokea zaidi ya haki yake.
Ufizi ulidunda hadi sikioni.
Ningekuwa na ile kalamu ingeandika mia tatu, mia nne.

Ndipo nikamwona Kombo
ameinama nyuma ya jokofu letu, mwaka ule wa umeme wa mgao,
tochi kaibana kwa meno,
ananieleza jambo refu kuhusu gesi,
na mimi silipati hata neno moja,
nacheka, na yeye anacheka, tochi inacheza ukutani.

Nikasimama mbele ya kioo cha bafuni.
P, nikasema. Pa. Po.
Pole.
Wete ilikuwa saa sita ya usiku.
Nikapiga hivyo hivyo.